Mali ya Wote ni Mali ya Nani?



Mtu akiiba kuku wa jirani yake, kila mmoja wetu ajua nani ameibiwa. Jirani ataamka asubuhi, atahesabu kuku wake, atapiga kelele, na kijiji kizima kitatoka nje. Lakini mtu akichukua senti chache tu kwa kila mlipa kodi wa nchi kubwa, nani atapiga kelele? Kila mmoja akipapasa mfuko wake ataona haukupungua. Basi, je, pameibiwa kitu? Na aliyeibiwa ni nani?

Swali hili si mchezo wa wanafunzi. Tunao mfano wa kweli kutoka Marekani, katika jimbo la Minnesota, nao wahusu kazi ya watu tusiowafikiri sana: wajumbe wa baraza la jimbo, wale wanaochaguliwa na majirani zao waende kutunga sheria na kuangalia jinsi serikali inavyotumia feza. Tumeona yafaa tuueleze mfano huu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna jambo gumu kuliko wizi wenyewe.

Minnesota iko kaskazini, mpakani na Kanada, nchi ya maziwa na baridi kali, yenye watu zaidi ya milioni 5 na nusu. Baraza lake hukutana mjini Saint Paul, nalo lina nyumba mbili: maseneta 67 na wajumbe 134. Kila mjumbe husimamia watu 42,000 hivi, naye huchaguliwa kwa miaka 2 tu. Katiba ya jimbo hairuhusu baraza kukaa zaidi ya siku 120 katika miaka hiyo 2. Ndiyo sababu wajumbe wengi wana kazi nyingine nyumbani kwao: huyu mkulima, huyu mwalimu, huyu ana duka. Mjumbe wa namna hii hawezi kujificha. Watu humkuta sokoni, humpigia simu, humwandikia. Mmoja alia kwamba kodi ya nyumba yake imepanda. Mwingine kwamba malipo ya mlezi wa mtoto wake kilema yamechelewa, na katika ofisi hakuna anayemjibu. Kusikiliza malalamiko kama hayo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kulinda hazina. Watu wengi hudhani kwamba hizi ni kazi mbili. Tutaona kama ni kweli.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga mashule, watoto maskini wa Marekani, ambao hupata chakula shuleni kwa feza za serikali kuu ya Washington, walibaki nyumbani. Serikali kuu ikalegeza masharti: chakula kikaweza kugawanywa nje ya shule, hata na mikahawa ya wafanya biashara. Nia ilikuwa njema kabisa, maana mtoto mwenye njaa hangoji karani amalize kusoma karatasi zake. Katika Minnesota feza hizo zilipitia Idara ya Elimu ya jimbo, nayo ilizitoa kwa vyama vya hisani vilivyosimamia vituo vya chakula. Chama kimoja kilijiita Feeding Our Future, yaani tunawalisha watu wetu wa kesho. Mwaka 2019 chama hiki kilipokea dola milioni 3.4 hivi za kugawa. Mwaka 2021 zilikuwa karibu dola milioni 200.

Vituo viliota kama uyoga baada ya mvua. Kituo cha siku chache tu kilidai kwamba kinalisha watoto maelfu kila siku. Waliotaka malipo walihitaji majina ya watoto hao, basi wakayatengeneza. Wapelelezi walikuta kwamba orodha nyingine ilitolewa katika ukurasa wa intaneti unaobuni majina ya watu, na miaka ya watoto ilijazwa na mashine ya hesabu yenyewe, namba yo yote kati ya 7 na 17. Tutulie hapa kidogo, maana wizi huu una ubaya wake wa pekee. Mwizi wa kuku huchukua kuku. Huyu alimwumba kwanza mtoto asiyekuwako, akampa jina, akampa umri, akamketisha mezani, akamlisha kila siku juu ya karatasi, kisha akapeleka hesabu ya sahani zake kwa serikali. Na feza zilizotoka zilinunua magari na majumba, hata nyumba na viwanja pwani ya Kenya na katika nchi ya Uturuki.

Mwezi wa Januari 2022 polisi wa upelelezi wa serikali kuu walipekua nyumba na ofisi. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule watu 47 walishitakiwa kwa wizi wa dola milioni 250. Baadaye hesabu ya washitakiwa ilipita 70. Mwezi wa Machi 2025 mahakama ilimwona na hatia Aimee Bock, aliyekuwa kiongozi wa chama hicho.

Yafaa tuseme neno moja kabla ya kuendelea. Wengi wa washitakiwa walikuwa wa asili ya Kisomali, nao Wasomali wa Minnesota ni maelfu mengi, watu wa kazi. Kiongozi aliyehukumiwa ni Mmarekani mweupe. Wako waliotumia kesi hii kulitukana taifa zima la wageni. Sisi hatuwezi kulisema jambo hili kwa mbali, kwa kuwa Wakongo wengi, na wasemao Kiswahili kati yao, wamepelekwa Marekani kama wakimbizi. Nao hulipa kodi kule, nao hufika katika ofisi zile zile kuomba haki yao. Karani aliyejifunza kumshuku mgeni mmoja kwa ajili ya mwingine hatauliza huyu ametoka Mogadishu au Bukavu.

Turudi kwenye swali letu. Feza hizi zilikuwa za nchi nzima. Tukizigawa dola milioni 250 kwa watu milioni 330 wa Marekani, kila mmoja alipoteza senti 76. Hakuna hata mmoja aliyelala njaa kwa ajili ya senti 76. Wale watoto wa karatasi nao hawakulala njaa, maana hawakuwako. Labda mmoja wenu atasema: kumbe hakuna aliyeumia! Kwetu pia tumezoea kusikia kwamba mali ya Leta haina mwenyewe, na mwenye akili ni yule anayefuata kifungu cha 15: jitafutie. Mtu anayesema hivi si lazima awe mwovu. Mara nyingi ni mtu aliyeona miaka mingi jinsi Leta inavyokula bila kumlisha, akachoka.

Lakini tufikiri. Mlipa kodi wa Minnesota hakutoa senti zake zipotee. Alizitoa kwa neno: mtoto wa mtu nisiyemjua asilale njaa. Hamjui mtoto, mtoto hamjui yeye, na katikati yao pana makarani, orodha na sahihi. Mali ya wote ni ahadi ya namna hii kati ya watu wasioonana. Anayeiba hapo hachukui senti tu; amfanya mtoaji kuwa mwongo bila mwenyewe kujua. Tena amwibia mtu ambaye bado hajafika, yule atakayeomba mwaka ujao na kukuta watu wameshika mifuko yao wakisema: tulidanganywa, hatutoi tena. Huyo ndiye aliyeibiwa zaidi. Naye hawezi kupiga kelele, kwa sababu hajui bado kwamba ameibiwa.

Basi, ni lazima awepo mtu aliyepewa kazi ya kuhisi maumivu ambayo kila mmoja peke yake hawezi kuyahisi. Katika jimbo, mtu huyo ni mjumbe wa baraza. Yeye ndiye jirani anayeamka asubuhi kuhesabu kuku wa watu wote.

Atazihesabuje? Wahenga wametuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Baraza la Minnesota lina ofisi yake ya ukaguzi wa hesabu, isiyo chini ya gavana, nayo mwezi wa Juni 2024, chini ya mkaguzi mkuu Judy Randall, ilitoa taarifa juu ya mambo haya. Tumeona ndani yake jambo lililotushangaza kuliko mamilioni. Wizi huu haukukosa wa kuusema. Kati ya mwaka 2018 na 2021 Idara ya Elimu ilipokea malalamiko yapatayo 30 juu ya chama kile. Watu waliona, wakaandika. Na idara ilifanya nini? Mara nyingine ilikipelekea chama chenyewe malalamiko hayo, ikikiomba kijichunguze. Ni kama kumshitaki fisi, kisha ukamtuma fisi akahesabu mbuzi.

Tusiwahukumu makarani haraka. Idara ilijibu kwamba ilitimiza wajibu wake, na kwamba yenyewe ilipeleka habari kwa wapelelezi. Tena ilikuwa imejaribu kuzuia maombi mengine ya chama kile, ikashitakiwa mahakamani mwezi wa Novemba 2020, ikiambiwa kwamba inawabagua watu wa rangi. Mkaguzi aliandika kwamba woga wa kesi na wa magazeti uliipunguzia idara nguvu ya kutumia mamlaka yake. Nani kati yetu hajui woga huu? Mtu aona jambo si sawa, lakini aliyelitenda ana maneno mengi na marafiki wengi. Basi asema moyoni: si mali yangu, kwa nini nijichome? Mwizi wa mali ya wote anaishi kwa sentensi hii moja.

Sasa twaona kwa nini kazi mbili za mjumbe ni kazi moja. Malalamiko ya mtu mdogo ndiyo jicho la kwanza la hazina. Mkaguzi hufika baada ya miaka. Mama anayekaa mbele ya kituo cha chakula, asiyeona mtoto hata mmoja akiingia, amekwisha kuona siku ya kwanza. Mjumbe anayedharau barua za watu kwa kuwa ana mambo makubwa ya hazina ya kuyaangalia amejitoboa macho, kisha alalamika kwamba ni usiku.

Mwaka 2025 wajumbe wa Minnesota walijaribu kulipa jicho hili mahali pake. Uchaguzi wa 2024 ulikuwa umewaletea viti 67 kwa 67, vyama viwili sawasawa, na ilibidi wapatane jinsi ya kutawala. Katika mapatano hayo ilikubaliwa kuwepo halmashauri ya kuzuia udanganyifu na kuangalia idara za serikali: watu 8, 5 wa chama cha Republican na 3 wa chama cha Democrat. Mwenyekiti wake, Kristin Robbins wa Maple Grove, na wenzake walifungua njia ya watu kuleta habari kwa siri, hata wafanyakazi wa serikali wenyewe. Upande wa maseneta, Heather Gustafson, wa chama cha Democrat, alileta sheria ya kuunda ofisi ya mkaguzi asiyetegemea idara yo yote. Maseneta waliikubali mwezi wa Mei 2025 kwa kura 60 dhidi ya 7. Lakini mwaka huo haikupita katika nyumba ya pili.

Wako waliosema kwamba halmashauri hii ni siasa tu, kwa sababu wa upande mmoja walikuwa wengi ndani yake, na idara zilizochunguzwa zilikuwa chini ya gavana wa upande mwingine. Tena mwenyekiti mwenyewe alitangaza mwaka 2025 kwamba anataka ugavana. Je, mlinzi anayetafuta sifa ni mlinzi mbaya? Sisi twaona hivi: mbwa akibweka kwa kutaka mfupa, mwizi amekwisha kusikika hata hivyo. Hatuna budi kulisikiliza neno la kweli hata likitoka katika kinywa chenye tamaa. Lakini mbwa wa namna hiyo ana hatari yake: atabweka mbele ya nyumba za adui zake, na mbele ya nyumba za rafiki zake atalala usingizi. Ndiyo maana kura zile 60 kwa 7, za watu wa vyama vyote viwili, zatupendeza kuliko hotuba nyingi.

Lakini jambo gumu tulilolitaja mwanzoni bado. Minnesota ilikuwa na msaada mwingine, ulioanza mwaka 2020, wa kuwasaidia wazee, vilema na wagonjwa wa akili wapate nyumba ya kukaa na wasitupwe nje. Ilihesabiwa kwamba utagharimu dola milioni 2.6 kwa mwaka. Mwaka 2021 uligharimu zaidi ya milioni 21. Mwaka 2024 zilitoka milioni 104. Hapa tena waliingia watu wenye ofisi za jina tu, walioandika kazi wasizozifanya. Polisi walipekua mwezi wa Julai 2025, na idara iliyousimamia msaada huo ikaamua kuufunga kabisa tarehe 31 Oktoba 2025.

Mwezi ule ule wa Oktoba gavana aliamuru kwamba malipo ya huduma 14 za namna hii, zilizoonekana kuwa rahisi kuibiwa, yapimwe kwanza kabla ya kutolewa, na kungoja kuliweza kufika siku 90. Mwenye nyumba ya kulea vilema, aliye mwaminifu, hawezi kuwaambia wafanyakazi wake wangoje siku 90 bila mshahara. Mlezi akiondoka, nani atamwinua mgonjwa kitandani asubuhi?

Hapa ndipo dhamiri ya mjumbe inapopimwa. Zamani aliambiwa: wewe ulilala, watu wakaiba. Sasa aambiwa: wewe umeamka, nasi twafa. Maumivu ya wizi yaligawanyika senti 76 kwa kila mtu, hakuna aliyelia. Maumivu ya kufuli yamemwangukia mmoja mmoja, tena aliye dhaifu kuliko wote.

Wengine wasema: ni afadhali wezi kumi wapite kuliko mwenye haki mmoja akose chakula. Maneno mazuri. Lakini katika hazina wezi kumi hawabaki kumi. Habari yao hutembea, na mwaka wa pili huwa mia, mpaka msaada wenyewe hufungwa na mwenye haki hukosa vile vile. Takwimu za ule msaada wa nyumba, toka milioni 2.6 mpaka 104, zatuonyesha jambo hili bila maneno mengine. Wengine wasema: funga kila mlango, atakayeumia na aumie, kosa ni la wezi. Hilo nalo hatulikubali. Kosa la wezi ni la wezi. Lakini mkono uliofunga mlango ni wetu. Mwizi akituibia, kisha akatufanya tuwanyime maskini, ametushinda mara mbili.

Twadhani kosa kubwa la Minnesota halikuwa huruma ya mwaka 2020, wala ukali wa mwaka 2025. Ni ile miaka ya katikati, ambamo malalamiko yapatayo 30 yalilala katika majalada. Aliyekagua kidogo kila siku hahitaji shoka siku ya mwisho. Karani angetembelea kituo kimoja saa sita mchana, akahesabu sahani kwa macho yake, pengine wengi wa wale waliokuwa na nyumba wasingepoteza msaada wao. Uvivu wa leo huonekana kama upole. Gharama yake hulipwa kesho, na mtu mwingine.

Basi tungekuwa na nafasi ya kuzungumza na mjumbe wa wilaya moja ya kule, tungemwuliza mambo mawili tu. Kwanza: barua ikikufikia kumshitaki mtu anayekula feza za watoto, waipeleka kwa nani, na baada ya siku ngapi waenda kuuliza imefika wapi? Pili: siku unapoinua mkono kupiga kura ili mlango ufungwe, je, umeomba kwanza majina ya waliosimama nje, majina ya kweli, ya watu wenye mwili, na umeandika ni nani atakayewafungulia, na lini? Huduma ile ya nyumba ilifungwa siku ya mwisho ya Oktoba, na baridi ya Minnesota huuma toka Novemba mpaka Machi. Waliokuwa wakisaidiwa hawakutokea katika ukurasa wa intaneti unaobuni majina. Wengi wao wana simu, na namba ya mjumbe wao wanayo.